Fundi Aliyejifanya Anasikia

Ukipita asubuhi nyuma ya nyumba ile ungetamani iwe yako. Banda la mabati limefagiwa, mbao zimeegemezwa ukutani kwa mpangilio, vumbi la mbao linanukia vizuri, na juu ya meza ya kazi kuna kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Mwenye banda, fundi seremala wa makamo, penseli nyuma ya sikio, anasukuma ubao kwenye mashine yake ya randa. Uani mkewe anaanika nguo. Mke anainua mkono, mume naye anainua wa kwake. Ungesema hawa wamezoeana mpaka hawahitaji maneno, na nisingekulaumu kwa kusema hivyo.

Lakini kabla ya kuinua mkono, yule mama alikuwa amemwita mumewe mpaka koo limemkauka. Chai ilikuwa imepoa. Mume alikuwa ameambiwa chai iko tayari, akaitikia "enhe," akaendelea na ubao wake.

Fundi alikuwa hasikii, ndugu zangu. Na alikuwa tayari kufa kuliko kusema hivyo.

Hakuzaliwa na tatizo hilo. Mashine ile aliiunda mwenyewe, meza ya chuma aliyoichomelea kwa mkono wake na mota aliyoitoa kwenye kinu kibovu cha kusagia nafaka. Alipoiwasha mara ya kwanza majirani walitoka nje kutazama ni kitu gani kimeanguka, naye akacheka kwa fahari. Tangu siku hiyo alisimama nayo uso kwa uso, masikio wazi. Jioni masikio yalimpigia mluzi, na asubuhi mluzi ukawa umekwisha. Baadaye akaanza kuamka nao. Hakumwambia mtu.

Aliyegundua ni binti yake wa mwisho. Huyu baba yake alimpa jina la Kasuku, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akikaa bandani juu ya vipande vya mbao na kuongea kutwa nzima: leo shuleni hivi, leo kisimani vile, fulani kasema, fulani kajibu. Baba anaranda, mtoto anaongea. Kasuku alipokua na kupata kazi, mshahara wake wa kwanza alimnunulia baba yake vifuniko vya masikio, vile vyekundu vya kuvaa kichwani.

"Baba, vivae ukiwa kwenye mashine. Unaharibika masikio."

"Fundi anaranda kwa masikio, mwanangu. Kisu kikigonga fundo, ubao unabadilisha sauti. Nikijiziba nitajuaje?"

Hakuwa amekosea kabisa, na ndiyo maana ubishi wake haukuvunjika. Akavitundika msumarini na kuvifanya pa kuning'inizia futi. Basi ikafika siku, ubao ukawa na msumari mkongwe ndani yake, kisu kikaugonga, kikamegeka, na fundi wetu anayeranda kwa masikio akaendelea kusukuma hana habari, mpaka cheche zikamrukia kifuani. Akazima mashine. Akatazama kisu, kisha akatazama mlangoni. Hakuna aliyeona. Akafunga kisu kingine, akaendelea kuranda.

Mimi hapo ndipo ninapomshika shati. Kuharibikiwa masikio ni ajali ya kazi, inaweza kumpata yeyote. Lakini mtu anayetazama mlangoni kwanza, kujua kama kuna shahidi, huyo ameshaamua kudanganya.

Akawa bingwa wa kudanganya. Akiona kijana amefungua mdomo anasema "marahaba" bila kusubiri, na mara moja alimwitikia marahaba mzee mwenzake aliyekuwa anauliza bei ya stuli. Wakicheka watu, anacheka, nyuma kidogo ya wenzake. Wakikunja uso, anatikisa kichwa. Na mteja akimsimamia mbele na kusema maneno marefu, fundi alikuwa na jibu moja lililotosha kila mahali, maana wateja wa seremala wakija bandani mara nyingi wanakuja kulalamika kwamba kazi imechelewa: "Vumilia kidogo tu. Mambo yatakaa sawa."

Jibu hilo lilimbeba. Lilimbeba hata pale jirani yake, dereva wa lori, alipokuja kuagiza mlango wa chumba na kueleza mara mbili kwamba chumba ni kidogo, mlango ufungukie nje. Fundi akaitikia "enhe, enhe," akautengeneza mlango mzuri sana, mbao zimeshikana utafikiri zimeota pamoja. Ukafungukia ndani. Ukagonga kitanda. Dereva akawa anaingia chumbani kwake ubavu ubavu na kupanda kitandani na viatu ili aweze kuufunga.

"Ndivyo ulivyosema," fundi akamkazia macho.

"Mimi? Niseme mlango unipandishe kitandani?"

Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Dereva, ambaye mdomo wake haujui breki, akampachika jina la Fundi Enhe, na jina likashika. Mwenyewe hakuwahi kulisikia, na hapo ndipo utani ulipozidi kunoga. Lakini kucheka kwao alikuona. Akaona midomo, akaona meno, akaona watoto wanavyoigiza shingo yake inavyoitikia. Akaapa moyoni kwamba hakuna atakayemsikia yeye akiuliza "unasemaje" mbele za watu. Hata mmoja.

Kisha kulikuwa na lile la msiba. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja kumpa habari kwamba kaka yake amefariki usiku. Alikuwa amevuta midomo kwa uchungu, meno nje, na fundi akadhani anatabasamu. "Hongera," akamwambia. "Hongera sana." Mkewe alitupa ndoo, akaja mbio kumshika yule mama mkono na kumwambia mume wangu amechanganyikiwa na kazi, msamehe. Jioni walipobaki peke yao akamgeuza uso, akasema taratibu, kwa midomo mipana.

"Baba watoto, twende hospitali wakupime masikio."

"Masikio yangu yana nini? Nyinyi ndio mmeanza kunong'ona siku hizi."

"Nani ananong'ona? Nimekuita mpaka mbwa wa jirani ameitika."

"Basi mwoe mbwa."

Mama akacheka, na kucheka kukawa kosa, maana lililochekwa liliishia hapo. Kesho yake akarudi kumtafsiria kila mgeni, kumziba pale alipopwaya. Alifanya kwa mapenzi. Nami namlaumu kwa upole, lakini namlaumu.

Wakati huo Kasuku alikuwa ameshaolewa. Mumewe alifanya kazi ofisini, mtu wa viatu vinavyong'aa na salamu nyingi, na alikuwa na sauti kubwa. Akija ukweni alisimama katikati ya banda na kuongea kama anahutubia uwanja. Fundi alimpenda kupita wakwe wote, kwa sababu ambayo hakuthubutu kuitaja: alikuwa mmoja wa watu wachache duniani aliobaki kuwasikia. Sauti ile ile, ndugu zangu, ilikuwa na kazi nyingine nyumbani kwa Kasuku milango ikishafungwa. Huko fundi hakuwepo.

Alikuwa anamtengenezea binti yake kabati la vyombo. Amelichelewesha mno, kwa kuwa alitaka liwe kazi yake bora kupita zote: milango miwili ya vioo, bawaba zilizozama ndani ya ubao, droo zinazoingia kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Siku Kasuku alipokuja, mama yake hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumuuguza mdogo wake anayekaa upande wa pili wa mji. Fundi alimwona binti yake mlangoni mwa banda, kitambaa kimefungwa kichwani na upindo wake ameushika mdomoni kwa mkono. Akazima mashine. Hilo msisahau: alizima mashine. Ikaguna, ikapungua, ikanyamaza, na banda likawa kimya kabisa kwa kila mtu isipokuwa yeye, maana kichwani mwake mluzi uliendelea.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kasuku alikuwa hajasema shikamoo bado.

Kasuku akakaa juu ya vipande vya mbao, pale pale pa utotoni, akainamisha uso. Akaanza kuongea. Fundi hakuweza kuwaambia alichosema, kwa hiyo nitawaambia mimi. Alisema hivi, kwa sauti ya chini ya mtu anayeona haya:

"Baba, naomba nirudi nyumbani. Ananipiga. Nimekuwa nikimficha, sasa nimeshindwa. Jana ameniambia atanimaliza, na naona anaweza kweli. Ukinikubalia sirudi kule hata kuchukua nguo. Naomba tu useme nibaki."

Fundi aliona kitambaa kinatikisika mbele ya mdomo. Midomo yenyewe hakuiona. Aliona macho yamejaa machozi, akajiambia ni vumbi la mbao. Vumbi. Mtoto aliyekulia ndani ya vumbi hilo bila kupiga chafya.

Na neno lilimjia, msidhani halikumjia. "Unasemaje?" lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini pale getini, mbali kiasi cha kutosikia lakini karibu kiasi cha kuona, alikuwa amesimama dereva wa lori, amekuja kuulizia mlango wake uliorudishwa kurekebishwa. Dereva alikuwa anatazama. Fundi akaona vile vicheko vyote vya mtaa vikimsubiri. Akalimeza neno.

Akajiambia, bila shaka anaulizia kabati. Nani asingeulizia? Akamshika bega binti yake, akatabasamu, akatoa jibu lake.

"Vumilia kidogo tu, mwanangu. Mambo yatakaa sawa."

Kasuku akamwangalia. Akamwangalia kwa muda, baba naye akaitikia kwa kichwa kumtia moyo. Mkono wake bado ulikuwa begani, na bega lile liliposhikwa lilijikunja kwa maumivu, akadhani ni haraka ya kuondoka.

"Haya, nenda salama. Msalimie mumeo."

Akaenda. Fundi akawasha mashine.

Mkewe aliporudi jioni, amechoka, akaona nyayo za viatu vya kike kwenye vumbi la banda.

"Nani alikuja?"

Hilo alilisoma midomoni. "Mwanao."

"Kasuku? Alisema nini? Simu yake haipatikani, moyo wangu haujatulia. Kesho nilitaka niende."

Fundi hakupata lote, lakini alipata la kutosha. Bado alikuwa na nafasi. Angeweza kusema sijui alisema nini, mke wangu, sikumsikia. Mama angechukua mkoba wake, na hadithi hii isingekuwepo.

"Anaulizia kabati," akasema. "Mzima kabisa. Anasalimia."

Mama akashusha pumzi. Kama mtoto amepita mwenyewe, ametembea kwa miguu yake, kwa nini yeye amsumbue? Akaahirisha safari.

Habari ilifika kabla kabati halijapakwa rangi. Aliyepiga simu ni jirani wa Kasuku, na aliyepokea ni mama. Fundi aliona tu mkewe akikaa chini uani, pale penye maji, na nguo zake zote. Polisi walikuwa wamekwisha kumchukua yule mume mwenye sauti kubwa. Kasuku alikuwa hospitali.

Walimkuta taya limefungwa kwa waya, mkono kwenye plasta, na bendeji juu ya jicho la kushoto. Jicho hilo, daktari alisema, lisingeona tena. Mama akapiga magoti kando ya kitanda. Fundi akasimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, hajui aangalie wapi.

"Mwanangu," mama akasema, "kwa nini hukuja nyumbani? Kwa nini hukutuambia?"

Kasuku akaongea kwa meno yaliyofungwa, maneno yakipita kwa shida.

"Nilikuja. Nilimwambia baba kila kitu. Akaniambia nivumilie."

Mama akageuka kumtazama mumewe. Na yeye, alipoona wote wawili wanamtazama na midomo ya binti yake imekoma kusogea, akafanya alichozoea. Akaitikia kwa kichwa.

"Enhe," akasema.

Watu waliokuja kuwaona wagonjwa wengine waligeuza shingo. Mama akasimama. Katika maisha yao yote hakuwahi kumpigia mumewe kelele, lakini siku hiyo alimshika kola, akamsogezea mdomo sikioni, na wodi nzima ikasikia.

"Anasema alikuja kwako akakuambia anapigwa! Anasema ulimwambia avumilie! Unaitikia nini?"

Maneno hayo yaliingia. Yaliingia yote, moja baada ya jingine. Fundi akashika chuma cha kitanda. Yule fundi aliyekuwa na jibu la kila kitu akafungua mdomo, likatoka lile neno alilolikimbia miaka yote, mbele ya wauguzi, mbele ya wageni, mbele ya kila mtu.

"Sikusikia," akasema. "Sikusikia, mwanangu. Masikio yangu yamekufa. Nilidhani unauliza kabati."

Kasuku akamwangalia kwa jicho moja lililobaki. Midomo ikasogea. Fundi akainama, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasogea karibu kadiri alivyoweza. Hakupata kitu.

"Rudia, mwanangu. Nakuomba, rudia."

Lakini Kasuku alikuwa ameshageukia ukuta.

Fundi akamtazama mkewe. Mama alikuwa analia. Mwisho akamwambia, taratibu, ili midomo yake isomeke vizuri.

"Amesema, ungesema tu hukusikia. Angerudia."

Alipotoka hospitali Kasuku hakurudi nyumbani kwao. Alikwenda kukaa kwa mama yake mdogo, upande wa pili wa mji. Mama humtembelea kila anapopata nafasi. Fundi naye alipelekwa kupimwa, na daktari akamwambia kilichokufa hakifufuki, lakini kilichobaki kinaweza kusaidiwa. Wakampa kifaa kidogo cha kuvaa sikioni. Sasa anasikia. Anasikia maji yakichemka, anasikia ufagio wa mkewe uani, anasikia hata lile jina la Fundi Enhe, ingawa watu siku hizi hawalitamki kwa kucheka. Akienda kumwona binti yake, Kasuku anasimama kwa adabu na kusema "Shikamoo, baba." Anaisikia vizuri kabisa. Baada ya hapo Kasuku haongezi neno, na fundi hukaa pale mpaka aage.

Kabati lipo bandani hadi leo. Limekamilika, limepakwa rangi, milango yake inafunga bila sauti. Hakuna aliyekuja kulichukua, na yeye hawezi kuliuza.

FUNZO

Msiseme funzo ni kuvaa vifuniko vya masikio. Vaeni, kwa kuwa mashine haina huruma na sikio halioti tena, lakini si hilo lililonikalisha kuandika.

Fundi huyu hakumpiga mtoto wake. Hakumchukia. Alimpenda, akamtengenezea kabati. Kilichomharibu ni aibu: aliona ni afadhali atoe jibu la uongo kuliko kuonekana ana upungufu. Mwenye ugonjwa wa sikio, wa jicho, wa kusahau, aseme. Neno "sikusikia" halimshushi mtu hadhi. Na mwenye mzazi au mume wa namna hiyo aache kumziba mbele za watu, maana kila anapomziba anamfundisha kuendelea. Na nyinyi mliocheka, mlioigiza ile shingo, mjue kwamba mzee yule alilimeza lile neno kwa kuogopa meno yenu. Sehemu ya jicho la Kasuku mnadaiwa nyinyi.

Lakini kuna jambo moja linanichoma zaidi. Nimesimulia habari hii mahali pengi, na kila mara watu wanamlaani fundi. Wanatikisa vichwa, wanasema baba gani huyo. Mimi huwauliza swali moja. Fundi alimwambia binti yake avumilie kwa sababu hakusikia. Wewe, mwenye masikio mazima, binti yako alipokuja akakueleza hayo hayo ukayasikia yote, ulimjibu nini?